Moto wa Jikoni na Haki ya Jirani

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kipindi cha Kwaresima



Tumeombwa tuzungumzie utunzaji wa mazingira. Neno hili tumelizoea katika hotuba za wakubwa, hata tukadhani kuwa ni kazi ya Serikali, ya wataalamu, au ya nchi zenye viwanda vingi. Wajibu wao ni mkubwa, nasi katika Haki na Amani hatuna budi kuwadai. Lakini leo tunaomba tuingie mahali pa karibu zaidi, yaani jikoni. Huko familia zetu hukutana kila siku na msitu, na maji, na hewa, na takataka. Huko ndiko mazoea yanakozaliwa, mema na mabaya.

1. Tuone hali ilivyo

Tuanze na gunia la mkaa. Kwa tanuri la udongo lililozoeleka vijijini, huhitajika kilo sita za kuni, na mara nyingi zaidi ya hizo, ili kupata kilo moja tu ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti huishia kuwa moshi porini kabla gunia halijapakiwa. Mnunuzi wa mjini huliona gunia, kisiki hakioni. Na kilima kikiwa kitupu, mvua ikachukua udongo na chemchemi ikapungua, anayetembea mbali zaidi na ndoo kichwani si yule aliyenunua mkaa. Hapo ndipo suala hili linapokuwa suala la haki.

Hata hivyo, tusiharakishe kumhukumu mchoma mkaa. Mara nyingi ni mkulima aliyeangushwa na ukame, anayetafuta fedha za sare na madaftari ya watoto. Anachoma kwa sababu sisi tunanunua.

Tutazame pia moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati ya hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wanaoumia kwanza ni akina mama na watoto walio migongoni mwao. Binti anayetumwa kuni mchana kutwa naye hulipa kwa masomo yake.

Kisha kuna plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini mwetu. Lakini wangapi kati yetu bado tunawasha jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni au cha ndoo iliyopasuka? Moshi ule mweusi una sumu, nao huingia kwanza kifuani mwa yule anayepuliza moto.

2. Tupime kwa mwanga wa Injili

Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, chasimulia kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Agizo hilo lilitolewa kabla ya dhambi. Basi kutunza si adhabu tuliyopewa; ni sehemu ya wito wetu tangu mwanzo.

Tukumbuke tena Injili ya Yohane, sura ya sita. Watu wamekula wakashiba, na Bwana anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakuogopa upungufu. Alitufundisha kwamba zawadi ya Mungu haitupwi, hata inapokuwa tele.

Kanisa limeliendeleza fundisho hilo. Tarehe 1 Januari 1990, katika ujumbe wa Siku ya Amani Duniani, Papa Yohane Paulo wa Pili aliunganisha amani na Mungu Muumba na amani na viumbe vyote. Mwaka 2015, katika waraka wa Laudato Si', Papa Fransisko alitualika tusikie pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Hakudharau matendo madogo: alitaja kupanda miti, kutenganisha taka, hata kupika kile tu kitakacholiwa.

Kwa hiyo, mbele ya kila zoea la nyumbani, dhamiri ituulize: nani anaulipia urahisi wangu?

3. Tukiri kosa letu

Mapadre na viongozi hatuna budi kuanza na sisi wenyewe. Mwaka mmoja, katika sikukuu ya msimamizi wa parokia, tulipanda miche kwa nyimbo na vigelegele. Tukapiga picha. Kisha tukala pilau iliyopikwa kwa magogo ya lori zima, tukaacha uwanjani sahani na vikombe vya plastiki, vikachomwa jioni ile ile. Kiangazi kilipofika, miche karibu yote ilikuwa imekauka. Haikuwa na mwenyewe. Tulikuwa na siku ya miti, lakini zoea la kumwagilia hatukuwa nalo.

4. Tutende

Tunapendekeza kila jumuiya ichague zoea moja, ilishike hadi Pasaka, kisha iongeze la pili.

(a) Maharage yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe. Yataiva mapema, na mkaa utapungua.

(b) Kuni zikaushwe vema na kupasuliwa, zitumike katika jiko banifu. Kazi ya kupasua na ya kujenga jiko waifanye akina baba na vijana. Mazingira yasiwe mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama.

(c) Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa maskini, kikwazo ni fedha ya mtungi na jiko la kuanzia. Mfuko wa jumuiya unaweza kukopesha, wajane na wazee wakitangulia.

(d) Plastiki isiingie motoni kamwe. Maganda na majani yaende kwenye shimo la mboji. Chupa ziwekwe kando kwa ajili ya waokota chupa, nao waheshimiwe, kwa maana wanatusafishia mji.

(e) Kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza apewe mche mmoja, aumwagilie kwa maji yaliyooshea mboga. Katika chemchemi tupande miti ya asili, tuepuke mikaratusi, inayokunywa maji mengi.

(f) Parokia iwe na sahani zake za kuosha, ili sherehe zetu zisiache jalala.

5. Maswali ya kutafakari katika jumuiya

Mkaa na kuni tunazotumia hutoka wapi, na wanaoishi huko wana hali gani?

Katika jumuiya yetu, nani anaumia zaidi kwa moshi, kwa umbali wa maji au kwa takataka?

Zoea gani tutalianza wiki hii, na nani atatukumbusha?

Ndugu wapendwa, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayemwona baba yake akipasua kuni na mama yake akifunika sufuria hatahitaji semina. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1979 alitangazwa kuwa msimamizi wa wanaoshughulikia ekolojia, atuombee. Na tutakapokutana mwakani, tusihesabu miche tuliyopanda, bali miti iliyo hai.

Amani ya Kristo ikae nanyi nyote.