Chakula Kizima na Matunda: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama wa Matete



Tumeombwa na tawi tuseme juu ya chakula cha nyumbani. Habari hii ilipotangazwa wako waliocheka wakauliza, "Je, chama kimeacha mambo ya mishahara, sasa kinatufundisha kupika?" Jibu letu ni hili. Mshahara tunaoupigania mwaka mzima, sehemu yake kubwa huingia mdomoni. Chama kikishinda nyongeza, na nyongeza hiyo ikaishia kwa soda na mkate mweupe, basi aliyeongezwa mshahara ni mwenye duka. Kwa hiyo habari ya sufuria ni habari ya chama, wala hatuoni haya kuisema mkutanoni.

Na tuanze na unga, maana sisi watu wa huku twachekwa nchi nzima kwa kupenda ugali. Wacha wacheke. Ugali hauna kosa. Kosa, kama liko, limo katika unga. Punje ya hindi ina sehemu tatu: ganda la nje, wanga mweupe wa ndani, na kile kiini kidogo ambacho ndicho mmea huotea. Katika ganda mna nyuzinyuzi, na katika kiini mna mafuta mazuri pamoja na vitamini na madini. Kinu kikubwa cha mjini kikitengeneza sembe nyeupe huondoa ganda na kiini, kikabakiza wanga. Na pumba hizo, ndugu, hazitupwi. Huuzwa kuwa chakula cha ng'ombe na kuku. Yaani mtu hupeleka mahindi yake mjini, ng'ombe wa mwingine anakula sehemu iliyo bora, na mwenye mahindi anarudi kununua iliyobaki ikiwa katika pakiti yenye picha.

Tuseme haki: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye vinu waongeze vitamini na madini katika unga wa pakiti. Hilo ni jema, na mwenye kununua pakiti atazame kama ina alama yake. Lakini nyuzinyuzi zilizoondolewa hazirudishwi, nazo ndizo zinazomsaidia mtu kushiba na kwenda choo vizuri, na kuzuia sukari isipande mwilini kwa haraka. Unga wa kisiagi cha hapa kwetu mara nyingi hauongezwi kitu, ila pia haukunyang'anywa kitu.

Kuna hadithi ya kweli ya kuku ambayo yafaa kila mtu wa Kakamega aijue, kwa kuwa sisi kuku tunamjua. Karibu na mwaka 1890 daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia katika kisiwa cha Java, mji uitwao Jakarta siku hizi. Alikuwa akitafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi, ambao ulilegeza miguu ya askari na wafungwa mpaka wengine wakafa. Akaona kuku wake wa majaribio nao wamelegea miguu vivyo hivyo. Kuku hao walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya akakataa, akisema mchele wa jeshi haupewi kuku wa raia. Wakalishwa mchele usiokobolewa, wakapona. Ugonjwa ulitokana na kuondoa ganda la mchele! Baadaye ilijulikana kuwa kilichopotea ni vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alishirikishwa tuzo ya Nobel. Mpishi hakupata kitu, kama ilivyo kawaida ya wapishi.

Sasa hadhari moja, na tafadhali sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hufa. Unga mzima unahitaji mahindi makavu. Mahindi mabichi yakiwekwa ghalani huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Huku kwetu mvua hutukuta mara nyingi mahindi yakiwa bado yanaanikwa, basi tusijidanganye kuwa hayo ni mambo ya Wakamba. Njia ya kupima haina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hata robo yake, tia na chumvi kavu vijiko vichache, funga, kisha tikisa vizuri na uache kitambo. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji bado. Yarudishe juani, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini kavu, peleka ghalani. Na mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu yaweza kurudi kwetu katika maziwa.

Tena unga mzima hauwekwi muda mrefu, kwa sababu ya yale mafuta ya kiini. Sagisha gorogoro chache kila mara, usisagishe gunia.

Wanaosema unga wa pakiti ndio rahisi, tuwakumbushe mwaka 2017, bei ilipopanda mpaka serikali ikalipa sehemu ili pakiti ya kilo 2 iuzwe Sh. 90. Mwaka 2022 ikawa vivyo hivyo, mara ile kwa Sh. 100. Misaada yote miwili ilikwisha, na watu wakabaki na bei. Aliyekuwa na mahindi yake makavu ghalani miezi ile hakupanga foleni.

Juu ya mboga hatutasema mengi, maana kina mama wa hapa wanaweza kutufundisha. Tsisaka, kunde, managu, mrenda, mito, majani ya maboga: hizi zilidharauliwa siku nyingi kuwa chakula cha maskini, na watoto wa shule wakaonea haya kuzibeba. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja amezichunguza kwa miaka mingi na kuzitetea kwa sifa ya vitamini na madini yake. Jambo moja tu tuongeze, nalo ni la chai. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage huingia mwilini kwa shida. Ukinywa chai pamoja na chakula, chai huyazuia. Ukila tunda lenye vitamini C, kama pera au chungwa, pamoja na chakula hicho, tunda huyasaidia yaingie. Basi chai ingoje saa moja, tunda lije mezani. Kwa mama mwenye mimba jambo hili ni kubwa, kwa kuwa upungufu wa damu ni adui yake.

Na sasa matunda, ambayo ndiyo hasa tuliyokuja kusema.

Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima apate gramu 400 za mboga na matunda kila siku, kama vigao 5 hivi vya kujaa kiganja. Mwaka 2022 uchunguzi wa afya wa nchi nzima ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, 18 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kutolishwa vyema na kuugua mara kwa mara. Si watoto wa nchi ya ukame peke yake hao. Wako pia watoto wa nchi yenye mvua, wanaoshiba ugali kila siku.

Tazameni hapa Matete. Mvua tunayo, udongo tunao. Mparachichi, mpera, mwembe, mpapai na mgomba huota huku bila kubembelezwa. Lakini mambo mawili yanatuondolea matunda. La kwanza ni miwa. Sisi hatuna ugomvi na mkulima wa miwa. Wengi wamesomesha watoto kwa miwa. Lakini muwa wa kwanza hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na fedha yake huja mara moja, tena ikichelewa. Mtoto hali mara moja katika miezi 18. Yako maboma ambapo miwa imefika mpaka ukuta wa jiko, na mpera uliokuwa uani ukakatwa ili mistari miwili mitatu iongezeke. Mistari hiyo haitalipa thamani ya ule mpera. Pera moja lina vitamini C kupita chungwa, hata mara 3 au zaidi, na mtoto hulichuma mwenyewe atokapo shule bila kumwomba mtu shilingi.

La pili ni uchuuzi. Mfanya biashara huja na lori, hununua parachichi zikiwa bado juu ya mti, kwa bei anayoitaja yeye. Mama wa nyumba apokea fedha, na jioni ile ile fedha inageuka mkate mweupe na soda. Hebu fanyeni hesabu. Soda ya nusu lita ina sukari ya vijiko vya chai 10 na zaidi, wala haina kitu kingine cha kumjenga mtoto. Parachichi lina mafuta mazuri, nyuzinyuzi na vitamini kadha wa kadha. Mtu ametoa chakula akanunua maji ya sukari! Kuuza si vibaya. Lakini mti mmoja ufanywe wa watoto, ujulikane kwa jina hilo, na mchuuzi akija aambiwe mapema kuwa ule hauuzwi.

Tena tunda liliwe zima, likiwa limeoshwa kwa maji safi. Maji ya matunda yaliyokamuliwa na kuongezwa sukari ni jamaa wa karibu wa soda. Ndugu wenye ugonjwa wa sukari, ambao twaona wanaongezeka katika kazi yetu, waulize hospitali ni kiasi gani kinawafaa.

Tunakuja sasa kazini. Sisi wa reli tunajua maisha ya genge. Watu hupelekwa kutengeneza njia mbali na nyumba zao, kati ya Eldoret na Malaba au penginepo, na mchana chakula ni chai na mandazi, kwa sababu hakuna kingine kinachouzwa pale. Mtu anayeinua nyundo tangu asubuhi, kulishwa mandazi si haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema nini? Kifungu cha 32 kinamwamuru mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Hilo ni la lazima, halihitaji kuombwa kwa magoti. Kifungu cha 33 kinasema kwamba ikiwa chakula kimepatanwa katika mkataba, mwajiri ahakikishe mfanya kazi amelishwa sawasawa, apate na vyombo vya kupikia, kwa gharama ya mwajiri. Angalieni neno hilo: ikiwa kimepatanwa. Kisipoandikwa, hakuna deni.

Wako wanachama wanaopendelea fedha mkononi badala ya chakula. Tunawaelewa. Fedha haiozi, na kila mtu ana mambo yake. Lakini porini fedha haitafuniki. Maoni yetu ni kwamba genge linalolala mbali na nyumbani liandikiwe chakula katika makubaliano, na chakula chenyewe kitajwe kwa majina: maharage, mboga, unga usiokobolewa, na tunda moja kwa mtu kila siku. Tukiandika "chakula" peke yake tutaletewa sembe na kabeji.

Nani atasema hilo la tunda ni anasa? Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli katika jeshi la maji la Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, fizi zao zikiwa zimeoza, akawatibu wawili wawili kwa njia mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa na ndimu ndio waliopona upesi. Alichapisha kitabu mwaka 1753. Wakubwa wa jeshi wakaanza kuwapa mabaharia maji ya ndimu mwaka 1795. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi, na ni mabaharia wangapi walizikwa baharini huku dawa ikijulikana.

Mwisho, kazi ya mikono. Mvua ndefu ikianza ndipo kupanda. Shimo liwe futi 2 kila upande; udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa. Mparachichi wa kuunganishwa, yaani kijiti cha mti mzuri kilichofungwa juu ya shina la mche mwingine, huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Wa kokwa waweza kukungojesha miaka 6 au zaidi. Kutoka mti hadi mti ziwe hatua 8. Mpapai huzaa karibu mwaka mmoja, lakini ipo mipapai dume isiyozaa, kwa hiyo pandeni miche 3 katika shimo moja, na ikitoa maua ng'oeni madume, mkiacha dume mmoja katika shamba zima. Mbuzi wafungwe.

Mwenye kutaka miche ya parachichi aandikishe jina kwa katibu kabla hatujatoka, aseme ni mingapi, ili tuagize pamoja na kupunguziwa bei. Mbegu za papai zipo hapa mezani katika karatasi, ni bure.