Presha ya Mimba Haipigi Hodi

(Maneno ya mwanachama mwenzetu siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi tumekaa jamvi moja tukinunua hisa. Kisanduku chetu kimesomesha watoto, kimeezeka mabati. Leo nakuombeni tuzungumze juu ya roho ya mama mja mzito.

Mimi mwenyewe yalinifika. Mimba ya tatu, mwezi wa nane, kichwa kiliniuma siku mbili, macho yakaona vimurimuri. Nikasema ni jua la kwenye mwani. Shoga yangu akaniburura kwenda kupimwa: 170 kwa 110. Kumbe natembea na maradhi, sijijui!

Ndiyo tabia ya presha ya mimba. Huanza zaidi baada ya wiki 20, na mara nyingi mtu hasikii kitu. Ikifika 140 kwa 90 ishakuwa juu. Ikiachiwa, yaweza kuleta kifafa cha mimba: mama huanguka, akakakamaa, na yeye na mtoto wakawa hatarini. Zamani tukisema kapandwa na shetani. Si shetani, kina mama, ni presha. Na hata baada ya kujifungua yaweza kuja.

Kwa hivyo kila kliniki tupimwe presha na mkojo. Usipopimwa, uliza, si utovu wa adabu. Na dalili ni hizi: kichwa kikali, macho kuona kiwi, maumivu ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla. Ukiona hata moja, usingoje kesho. Dawa ipo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 ulionesha kuwa sindano ya magnesiamu hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Lakini sindano haivuki maji kutufuata. Baina yetu na Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kuna bahari. Usiku ukiingia, watu huulizana: nahodha nani, petroli ya nani? Ombi langu, katika mfuko wa jamii tutenge fedha za boti ya mja mzito, zitolewe saa yoyote bila ya kungoja kikao. Na waume zetu mliopo hapa, ruhusa itoeni leo, msingoje siku hiyo.

Dua tusome, lakini tuisomee ndani ya boti.