Hamamu ya Askari wa Rumi, na Kazi ya Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa kusema juu ya jengo moja la kale lililo mbali na kwetu. Tumekubali, kwa kuwa habari zake zimehifadhiwa kwa mikono ya makarani.

Katika mwaka 122 Kaisari Hadrian wa Rumi aliamuru ujengwe ukuta kaskazini mwa Uingereza, toka bahari hata bahari, yapata maili 73, uwe mpaka wa dola yake. Mahali paitwapo Chesters, kando ya mto North Tyne, pakawekwa ngome ya wapanda farasi 500, na kati ya ngome na mto ikajengwa hamamu. Magofu yake yasimama hata leo. Kuna chumba cha kuvulia nguo, chenye vidaka saba ukutani, kisha vyumba vya baridi, vya uvuguvugu na vya joto kali. Moto ulikokwa katika tanuri, na hewa yake ikapita chini ya sakafu iliyoinuliwa juu ya vinguzo.

Askari wa ukuta ule walitoka nchi nyingi. Kikosi cha Chesters kilikuwa na jina la watu wa Asturia, katika Hispania. Na upande wa magharibi palikuwako kikosi cha Wamori wa Afrika ya Kaskazini. Sisi tuliokwisha kupata uhamisho twajua thamani ya mahali pa kuoga, kupumzika na kuzungumza.

Katika ngome ya Vindolanda, isiyo mbali na hapo, zilianza kuonekana mwaka 1973 barua na orodha zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba. Orodha moja, ya yapata mwaka 100, yahesabu watu 343 wa karakana. 18 kati yao ni waashi waliopelekwa kwenye hamamu ya hapo. Aliyeiandika hatumjui, lakini hesabu yake twaisoma.

Na Chesters je? Nathaniel Clayton, Karani wa Mji wa Newcastle, alisawazisha magofu ya ngome, ili mbele ya nyumba yake pawe na majani mazuri. Mwanawe John akashika kazi ile ile ya Karani wa Mji tangu 1822 hata 1867. Huyu, alipoona watu wakibomoa ukuta wajengee nyumba zao, alianza mwaka 1834 kununua mashamba ulimopita, apate kuulinda. Mwaka 1843 akaanza kuchimbua ngome ile aliyoisawazisha babaye. Na katika miaka ya 1880, naye mzee wa miaka tisini, wafanyakazi wake wakaifukua hamamu. Alifariki mwaka 1890.

Ndugu, Clayton alikuwa tajiri, sisi hatuna mali ya kununua mashamba. Lakini tumeona kwa macho yetu majalada ya kale yakichomwa moto ili kabati lipate nafasi, nasi tukanyamaza. Baba na mwana walikuwa makarani wote wawili: mmoja alifukia, mmoja alifukua. Funguo za kabati zi mikononi mwetu. Na tuchague tutamfuata yupi.