Fedha Isiyozaa Riba: Habari za Dokta Yahia Abdul-Rahman na Funzo Lake kwa Wanaushirika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu)



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii. Desturi ya siku kama ya leo ni kuhesabu mavuno na kujisifu kidogo, na kazi hiyo wenzetu wamekwisha kuifanya vyema. Sisi tumechagua kueleza habari za mtu mmoja aliyefanya kazi yake mbali na pwani yetu, kwa kuwa katika kazi yake limo jambo la kutusaidia kulijibu swali ambalo Mkutano Mkuu utalipigia kura kesho asubuhi.

Swali lenyewe mnalijua. Wako wanachama wetu, wavuvi na wakulima wa minazi, walionunua hisa tangu mwaka wa kwanza, wala hawajakopa hata senti moja. Si kwamba hawana haja. Vyombo vyao vyataka mashine, na mashamba yao yataka miche mipya. Hawakopi kwa sababu mkopo wetu una riba, na riba dini yao imeikataza. Wengine hata gawio lao huliacha mezani kwa karani. Watu hawa wametia unga katika chungu ambacho wenyewe hawawezi kukipakua. Basi twauliza: je, ushirika wa namna hiyo umetimia?

Dokta Yahia Abdul-Rahman ni mzaliwa wa Misri. Alisomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Cairo, kisha akavuka bahari kwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hakwenda huko kwa ajili ya kufungua benki. Alifanya kazi katika shughuli za mafuta, na baadaye akaingia katika biashara ya kusimamia mali za watu huko California. Alikuwa mgeni miongoni mwa wageni wengi, mwenye elimu na kazi nzuri, na angaliweza kutosheka na mshahara wake.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Misri ile ilikuwa imekwisha kuonja jambo jipya. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr ulio kwenye delta ya mto Nile, Dokta Ahmad al-Najjar alianzisha benki ndogo ya akiba kwa ajili ya wakulima. Bwana huyo alikuwa amesoma Ujerumani, na huko aliziona benki za akiba za miji midogo zinavyokusanya vijisenti vya watu wa kawaida. Akaona kwamba wakulima wa kwao hawapeleki fedha benki kwa kuogopa riba, akawafungulia mlango usio na riba. Benki ile haikudumu miaka mingi, lakini ilithibitisha kwamba maskini naye huweka akiba akiwaamini wanaoishika.

Turudi California. Katika nchi ile mtu wa kawaida hupata nyumba kwa kukopa, na deni laweza kulipwa kwa miaka 30. Mhamiaji Mwislamu alikuwa na njia tatu, na zote chungu: kupanga maisha yake yote, kukopa kwa riba huku moyo ukimsuta, au kukusanya fedha taslimu mpaka mvi zimjie. Mwaka 1987, mjini Pasadena, Dokta Abdul-Rahman na wenzake walianzisha shirika la kutafuta njia ya nne. Walianza na mtaji mdogo. Shirika waliliita LARIBA. Kwa Kiingereza herufi hizo ni ufupisho wa Los Angeles Reliable Investment Bankers Associates. Kwa Kiarabu zasomeka "hapana riba". Sisi Waswahili hatuhitaji mkalimani, maana neno riba ni letu pia.

Sasa tueleze kanuni yenyewe, na mfano tunaoutoa ni wetu. Mtu ataka nyumba ya dola 180,000. Yeye ana dola 36,000, yaani sehemu moja katika tano. Shirika latoa zilizobaki, dola 144,000. Wawili hawa ni washirika katika nyumba. Kisha huuliza: nyumba kama hii, katika mtaa huu, hupangishwa kwa kiasi gani? Tuseme ni dola 1,000 kwa mwezi. Shirika lina sehemu nne katika tano, kwa hiyo fungu lake la kodi ni dola 800. Juu ya hayo, mwenye kukaa ndani arudisha mtaji wa shirika kidogo kidogo, dola 800 kwa mwezi kwa muda wa miezi 180, bila nyongeza yoyote. Kila arudishapo, sehemu yake yakua na fungu la kodi la shirika lapungua. Ikifika nusu ya muda, shirika limebakiwa na sehemu mbili tu katika tano, na kodi yake ni dola 400. Mwisho wa miaka 15 nyumba yote ni ya mwenyewe.

Mabwana na mabibi, siri ya kazi hii imo katika lile swali la kodi. Dokta Abdul-Rahman alishika kwamba kodi isitoke katika kitabu cha benki, bali itoke sokoni. Mteja mwenyewe aende akaulize kodi za nyumba zilizo kama ile, na shirika nalo lifanye uchunguzi wake, kisha wakae wakubaliane. Ikionekana kwamba kodi ni ndogo mno ikilinganishwa na bei, basi nyumba hiyo imepandishwa bei kupita thamani yake, na mteja ashauriwe asiinunue. Katika mfano wetu, kama bei ingalikuwa dola 360,000 na kodi ikabaki dola 1,000 ile ile, hapana hesabu ambayo ingaliihalalisha bei hiyo.

Uzito wa jambo hili ulionekana baadaye. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, bei za nyumba California zilipanda mbio kuliko kodi zake. Wakopeshaji wengi hawakuuliza kama nyumba yastahili bei ile. Waliuliza tu kama mtu atatia sahihi. Bei zilipoanguka, na mwaka 2008 mabenki makubwa yakatikisika, watu wengi sana walipoteza makao yao. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopeshaji aliye mshirika katika kitu hulazimika kukichungulia kwanza, kwa kuwa akimdanganya mwenziwe amejidanganya mwenyewe.

Hatutaki mdhani kwamba njia hii haina wapinzani. Sheria ya Marekani yataka mteja aonyeshwe gharama ya fedha kwa kiwango cha asilimia, kama mikopo mingine yote, na kwa hiyo karatasi za LARIBA nazo zikawa na tarakimu ya namna hiyo. Wako waliosema kwamba hii ni riba iliyovishwa kanzu. Wanaoitetea walijibu kwamba mtu asitazame tarakimu peke yake, bali atazame imetoka wapi: katika bei ya kukodi fedha, au katika manufaa ya kitu kilichoko na kinachoonekana. Twaona pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa, na twaona pia kwamba mwenye kuanzisha jambo kama hili sharti awe tayari kuhojiwa kila siku.

Kazi ile ilikua. Mwaka 2001 Freddie Mac, shirika kubwa lililoundwa kwa idhini ya bunge la Marekani ili kununua mikataba ya nyumba kwa wakopeshaji, lilianza kutia fedha katika mikataba ya LARIBA. Baadaye Dokta Abdul-Rahman na wenzake waliishika Bank of Whittier, benki ndogo katika mji wa Whittier, California, ulioanzishwa na Wakristo wa madhehebu ya Quaker mwaka 1887. Sheria yakataza benki kuwabagua watu kwa dini zao, wala yeye hakutaka kubagua. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 2010 alionyesha kwamba Taurati nayo, na Kanisa katika karne zilizopita, vilikemea riba. Kwake yeye benki ni mtumishi wa mtaa ulipo: fedha ya watu wa mahali ifanye kazi mahali hapo, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Na siku za Ijumaa mtu huyu wa mahesabu alipanda mimbari akahutubu. Huduma na biashara kwake vilikuwa kazi moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Huku kwetu nako mlango umefunguliwa. Mwaka 2008 benki mbili za namna hii zilianza kazi nchini Kenya, na mwaka 2011 Amana Bank ilianza kazi Tanzania. Lakini mvuvi wa kijijini hafiki huko. Amefika hapa, katika Chama chake.

Basi twaleta shauri. Chama kifungue daftari la pili, mbali na lile la mikopo ya kawaida, lenye mtaji wa wale waliokubali kwa hiari yao. Kwa daftari hilo Chama na mwanachama wanunue mashine ya chombo kwa ubia. Kodi yake haitatusumbua kuijua. Katika pwani yetu samaki wakigawanywa, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mabaharia wana lao, na mashine ina lake. Soko tunalo tayari.

Wako wanaouliza: je, mashine ikizama? Swali hili ni la haki, na jibu lake si tamu. Ikizama bila uzembe wa mvuvi, hasara ni ya washirika wote wawili, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake. Huo ndio ubia. Asiyekubali hasara hana haki ya faida. Kwa hiyo tusianze na mashine ishirini, tuanze na tatu. Mjumbe aende pwani akaione mashine kabla ya fedha kutoka. Fungu la akiba litengwe kila mwezi kwa ajili ya siku ya dhoruba. Mkaguzi alikague daftari hili kama anavyolikagua lile la kwanza, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Wanachama wenzetu, kesho mtakapoinua mikono, wakumbukeni wale waliotuamini kwa miaka kumi bila kuchukua kitu. Wametustahimilia vya kutosha. Mwenyezi Mungu akijaalia tukutane katika sikukuu ya miaka ishirini, na tuwaone nao wakipakua katika chungu walichosaidia kukijaza.