Lucy wa Hadar na Mawe Yanayoandamana na Mshtarii

Garland, mji ulio jirani na Dallas katika jimbo la Texas, Marekani, una wakazi wengi wenye asili ya Ethiopia. Mwaka 2007, wale waliotaka kumwona Lucy hawakuhitaji kurudi Addis Ababa. Ilitosha safari ya gari ya kilomita 400 hivi hadi jumba la makumbusho ya sayansi asilia la Houston, ambako mifupa yake ilianza kuonyeshwa Agosti 31.

Mifupa hiyo, yenye umri wa takriban miaka milioni 3.2, ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwezi Novemba 1974. Waethiopia humwita Dinkinesh, yaani "wewe ni wa ajabu". Safari yake ilizusha mabishano. Mtafiti wa Kenya, Richard Leakey, aliipinga, na taasisi ya Smithsonian ilikataa kuipokea, kwa hofu kwamba masalio hayo dhaifu yangeharibika. Waliounga mkono walisema yangeiletea Ethiopia sifa na fedha. Yalirejeshwa nyumbani mwaka 2013.

Jina lake, hata hivyo, limekwenda mbali zaidi. Oktoba 16, 2021, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kiitwacho Lucy kuchunguza asteroidi za Trojan. Haya ni mawe yanayolizunguka jua katika njia ile ile ya sayari ya Mshtarii: kundi moja limetangulia kwa nyuzi 60 hivi, jingine linafuata nyuma kwa kiasi hicho hicho. Mwaka 1772, Joseph-Louis Lagrange alionyesha kwa hesabu kwamba katika sehemu hizo mbili jiwe laweza kuandamana na sayari bila kugongana nayo.

Kwa nini jina la mifupa? Kwa sababu mawe hayo nayo ni masalio. Wanasayansi wanaamini yalibaki tangu sayari zilipoumbwa, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita.

Safari hii nayo haikukosa hofu. Baada ya kurushwa, bawa moja la kukusanya nishati ya jua halikufunguka kikamilifu. Mwaka 2022, wahandisi walilivuta kwa mota kutoka duniani hadi likakaribia kufunguka lote. Novemba 1, 2023, chombo kilipita karibu na asteroidi ndogo iliyopewa jina la Dinkinesh, na kugundua kuwa ina mwezi wake. Mwezi huo ukaitwa Selam, jina la masalio ya mtoto wa jamii ya Lucy yaliyopatikana Dikika, Ethiopia.

Sasa macho yanaelekezwa Agosti 2027, chombo kitakapofika kwa Eurybates, Trojan yake ya kwanza, yenye mwezi wa upana wa kilomita 1 hivi uitwao Queta. Wageni wa Houston walikuwa na miezi kadhaa ya kumtazama Lucy. Chombo hiki hakiwezi kusimama wala kurudi nyuma: kitakachokosekana katika saa chache za kupita hapo, kitakuwa kimekosekana.