KUCHAGUA KOMPYUTA MPAKATO YA KUTENGENEZEA VIDEO SAFARINI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwenye kalamu na aishike, maana leo pana hesabu.

Somo letu ni juu ya kompyuta mpakato, yaani ile ya kukunja na kubeba, ambayo wengi huiita laptopu. Tutajifunza jinsi ya kuchagua inayofaa kutengenezea video mtu akiwa safarini. Huenda mmoja wenu anasema, "Mimi ni mkulima wa ufuta, jambo hilo lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Vijana wetu siku hizi hupiga video za harusi Kivinje, za wavuvi wa pweza Songosongo, na za magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na tangu 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Kuyapiga picha ni kuweka kumbukumbu. Lakini fedha ya kununulia mashine hutoka katika ufuta wa baba, korosho za mama, au sanduku la kikundi. Basi atoaye fedha hana budi kujua cha kuuliza dukani.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kutengeneza video ni kukata vipande vilivyopigwa, kuviunganisha, kusawazisha sauti na rangi, kutia maandishi, kisha kutoa video moja iliyokamilika. Kamera huzibana picha ili zienee katika kadi ndogo. Kompyuta huzifumbua tena, picha 25 au 30 kwa kila sekunde, papo hapo unapozitazama. Ndiyo sababu mashine inayoandika barua bila taabu huweza kukwama kwenye video.

Sasa ukubwa wa picha. Ile waiitayo 1080 ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ile ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160. Zidisha, utaona kuwa 4K ina nukta mara 4. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulizeni: kamera yetu hupiga picha ya namna gani, na watazamaji watatazamia wapi? Harusi itakayotazamwa katika simu yatosha kwa 1080. Mtu haendi kutega dema kwa jahazi la mizigo.

Tuzitazame sehemu za mashine moja moja.

1. Prosesa. Huu ndio ubongo. Simu na kamera nyingi za sasa hubana picha kwa njia iitwayo H.265. Njia hii huokoa nafasi, lakini ni ngumu kuifumbua. Kompyuta nyingi za zamani hazina sehemu maalumu ya kazi hiyo, hata kama zilikuwa za bei kubwa zilipotoka.

2. Ramu. Hii ni kama meza ya fundi. Meza ikiwa ndogo, kila mara fundi huweka kitu chini ili ashike kingine. Kwa video, GB 8 ni kujibana. GB 16 zatosha kazi nyingi, na kwa 4K nzito GB 32 ni bora. Angalieni: katika mashine nyingi nyembamba ramu imechomelewa, haiongezwi baadaye.

3. Diski. Chagueni ya SSD. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo hustahimili mtikisiko wa basi na wa boti kuliko diski ya zamani, tena ni ya haraka. Nafasi je? Hapa ndipo pa hesabu. Tuseme kamera yenu huandika megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, upate megabaiti 12.5. Zidisha kwa 60, upate 750 kwa dakika. Zidisha tena kwa 60, upate 45,000, yaani GB 45 kwa saa. Harusi ya saa 4 ni GB 180. Diski ya GB 256, iliyokwisha beba programu zake, haitapokea harusi ya pili. Anzeni na GB 512, na muwe na diski ya nje.

4. Kioo. Ulizeni mwanga wake kwa kipimo cha niti. Kioo cha niti 250 chafaa ndani ya nyumba. Mkitaka kufanya kazi barazani mchana, tafuteni 400 au zaidi. Ulizeni pia kama kinaonyesha rangi zote za kipimo cha sRGB. Kioo hafifu kitawafanya mzidishe rangi, na bibi harusi aonekane mwekundu kama pilipili.

5. Betri. Tangazo husema saa 15, lakini saa hizo ni za kazi nyepesi. Fanyeni hesabu yenu. Betri ya wati-saa 60, mashine ikila wati 30 wakati wa kukata video, hudumu saa 2 tu. Mashine inayochajiwa kwa USB-C ni nzuri kwa msafiri, maana huweza kupata umeme katika gari au katika betri ya akiba, mradi chaja iwe na wati za kutosha. Anayesafiri kwa ndege ajue kuwa betri iliyozidi wati-saa 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege.

Msisahau joto la pwani. Mashine ikipata moto hujipunguzia mwendo. Kampuni ya Apple huandika kuwa kompyuta zake zitumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Basi usiiache botini juani, wala usiiweke juu ya godoro likaziba matundu ya hewa. Mvuke wa chumvi huleta kutu, kwa hiyo ivukapo maji, iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Na mwenye fedha kidogo? Asikate tamaa. Programu za Kdenlive na Shotcut ni za bure, na zote huweza kutengeneza nakala nyepesi za picha. Unakata zile nyepesi bila mashine kukwama, na mwisho programu hutumia picha asili. Njia hii huiwezesha mashine ya wastani kufanya kazi ya 4K, ingawa utoaji wa mwisho utachukua muda.

Mkienda dukani, chukueni kadi yenye video ya kamera yenu wenyewe. Mwombeni muuzaji aifungue, akate vipande viwili, atie maandishi, atoe video ya dakika 5. Hesabuni muda. Kama mashine imekwisha tumika, ombeni taarifa ya betri: iliyotoka kiwandani na wati-saa 50, na sasa hupokea 30, imebaki asilimia 60. Akikataa jaribio, rudini na fedha zenu.

Neno la mwisho. Bibi harusi haingii mara mbili, na ukuta wa gofu ukianguka hausimami tena ili upigwe picha. Msifute kadi ya kamera kabla picha hazijawa mahali pawili, na nakala moja ibaki nyumbani. Kwa hiyo bei ya diski ya nje ihesabiwe pamoja na bei ya kompyuta tangu siku ya kwanza ya kuchanga.

Kwaherini, na kuuliza si ujinga.

MASWALI

1. Kwa nini 4K huisumbua kompyuta kuliko 1080?
2. Kamera huandika megabiti 50 kwa sekunde. Saa 3 za video ni GB ngapi?
3. Betri ya wati-saa 70, mashine ikila wati 35, hudumu saa ngapi?
4. Kikundi chenu kina fedha ya kompyuta tu, hakina ya diski ya nje. Mtafanya nini? Jadilianeni.