Mbwa Kazini: Nani Alipie Chanjo?

Kuruhusu mbwa kazini si jambo la ofisi za Ulaya na Marekani tu. Mtaani Kasulo, hapa Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakazi walianza kuchimba kobalti viwanjani mwao mwaka 2014. Ua wa nyumba ukawa mahali pa kazi, na mbwa aliyefugwa humo akawa mbwa wa kazini bila mtu kuombwa ruhusa.

Faida ipo. Mbwa hubweka kabla mwizi hajayafikia magunia ya madini. Tukienda Virunga, mashariki mwa nchi, tangu 2011 mbwa wa kunusa husaidiana na askari wa hifadhi kufuata nyayo za majangili. Ila mbwa hao wana mafunzo na mwelekezi.

Sasa upande wa pili, ulio mzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kuchanjwa. Mchimbaji wa mikono, anayelipwa kwa alichotoa shimoni, mara nyingi hana mwajiri wa kumfikisha huko, na hilo ni jambo la kutia uchungu.

Swali basi ni hili: pale ambapo ua ni wa mmoja, shimo ni la wengine na madini hununuliwa na mtu wa tatu, nani alipie chanjo ya kumkinga mbwa wa ua huo na kichaa hicho?